Vumbi Kwenye Ncha ya Leso

Jua la Kabras lilikuwa limewaka mapema asubuhi ile. Mbwa wa pale nyumbani alikuwa amejilaza chini ya trela bovu la miwa, ulimi nje, na gari la polisi lilipoingia hakujisumbua hata kubweka. Lakini Mama Milcah alikuwa amekaa kando ya meko yenye moto, amevaa sweta ya kijani, juu yake sweta nyingine ya kahawia iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, na blanketi magotini.

Sajenti Jerotich aliliona hilo kabla hajaona kitu kingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyeharakisha jambo, na kituoni walimtania kwamba hunusa chai kabla ya kuinywa. Mwenzake, Koplo Protus, mnene na mwepesi wa kucheka, alikuwa tayari anajifuta jasho la shingoni kwa kitambaa.

"Protus, unasikia baridi?"

"Baridi ya wapi, Sajenti? Mimi nayeyuka kama mafuta ya kimbo kwa sufuria."

"Basi andika hilo."

"Niandike nayeyuka?"

"Andika kwamba mama ana sweta mbili."

Jambo lililowaleta halikuwa la kuchekesha. Wiki hiyo Maurine, binti mkubwa wa Mama Milcah, alifika kituoni Kakamega akilia, mkononi ameshika leso iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa leso ya Khalayi, mke wa kaka yake Mathew. Ncha yake moja ilifungwa fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na vumbi la kijivu, laini kama unga wa wimbi. Maurine alisema ni sumu. Alisema Khalayi amekuwa akimtilia mama yao kwenye chai, kidogo kidogo, na mama anakwisha huku watu wakiangalia.

Sehemu ya vumbi ilishatumwa kwa mkemia wa serikali, na jibu la huko huja polepole, kama linatembea kwa miguu. Mkuu wa kituo hakutaka kungoja. "Kabla ya jioni," alimwambia Jerotich, "ama uniletee huyo msichana, ama uniletee sababu ya kutomleta." Sakafu ya seli ni saruji tupu, na Khalayi alikuwa na mimba kubwa, karibu kujifungua.

Jerotich alikuwa na leso ile kwenye mkoba wake, na ndani ya fundo alibakiza vumbi kidogo. Alikwisha kulinusa. Lilinukia mvua ya kwanza inapopiga udongo mkavu.

"Sumu ya mvua?" Protus alimwuliza njiani akicheka.

"Sijasema ni sumu. Nimesema inanukia mvua."

Alianza na Maurine. Walisimama kwenye kivuli cha paa, Maurine amekunja mikono, mwanamke wa mjini mwenye duka lake la vitambaa, nadhifu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama yangu alikuwa mtu wa kuimba," alisema. "Mkitaka kumjua, mjue hilo kwanza. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akiimba hapa, unamsikia ukiwa huko barabarani. Sasa msikilizeni. Sauti imekuwa ya mwanamume. Analalanga mchana. Analianga bila sababu. Juzi amelia kwa sababu kuku amemwaga maji!"

"Ameanza lini?"

"Tangu huyo aanze kumpikia chai ya asubuhi."

"Huyo ana jina."

Maurine aliangalia chini. "Khalayi."

"Na kabla ya hapo mama aliwahi kuugua?"

"Alikuwa na goita. Akapasuliwa, wakaitoa yote. Hiyo ni miaka mingi imepita. Tangu wakati huo anakunywanga kidonge kila asubuhi, na hajapata shida yoyote."

"Vidonge ananunua nani?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Kwa duka lile lile la siku zote, pale mjini. Kwani, afande, sasa ni mimi nashukiwa?"

"Mpaka jioni, hapa kila mtu anashukiwa," Jerotich alisema. "Hata yule mbwa. Niletee hivyo vidonge."

Maurine alivileta kwenye kopo la zamani la kakao alimovihifadhi mama yake. Jerotich akavigeuza geuza, akasoma maandishi ya nyuma, akanusa, akafunga kopo na kulitia mkobani. Maurine alibana midomo.

Kisha Jerotich akavuta kigoda akaketi mekoni, karibu sana na Mama Milcah, hata moto ukamchoma mguu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe muno, mwanangu." Sauti ilitoka nzito, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi.

Jerotich alimshika mkono wa salamu na hakuuachia. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ngozi imekauka, inakwaruza. Uso ulikuwa umefura chini ya macho. Nyusi zilikuwepo upande wa ndani tu. Upande wa nje zilikuwa zimepukutika. Shingoni, juu ya kifungo cha sweta, alama ya kisu cha daktari ilipita kama mkufu mwembamba.

"Unajisikiaje, mama?"

"Ni kama mtu amenibebesha gunia la mchanga, akaenda zake, akanisahau." Alizungumza polepole, akitafuta kila neno. "Naamka nimechoka. Wimbo niliojua tangu nikiwa msichana, nikifika ubeti wa pili umepotea. Wageni wakija nawapenda, lakini namwomba Mungu waondoke. Sasa huo ni moyo wa aina gani? Mimi sikuwa hivi."

"Chai unapikiwa na nani?"

"Na mtoto wangu."

"Maurine?"

"Maurine anakaa mjini. Huyu." Akaelekeza kwa midomo upande wa jikoni, ambako Khalayi alisikika akipanga vyombo.

"Wanasema anakutilia kitu."

Machozi yakaanza kumtiririka Mama Milcah bila sauti, kama maji ya bomba bovu, na wala hakuyafuta. "Mkimchukua huyo, mnichukue na mimi. Mtuweke pamoja."

"Mama, kama hajafanya kitu, mbona hasemi lile vumbi ni la nini?"

Mkono wa mzee ukaenda mdomoni haraka, haraka kuliko kitu chochote alichofanya asubuhi hiyo. Akajipangusa midomo, akauficha mkono chini ya blanketi. "Sijui," akasema.

Jerotich alikuwa amehoji waongo wengi. Huyu alidanganya vibaya, kama mtu ambaye hana mazoezi. Na kabla mkono haujapita, Sajenti aliona kwenye pembe ya mdomo mstari wa kijivu, mwembamba, kama wa mtoto aliyekunywa uji akakimbilia kucheza.

Jikoni, Khalayi alisimama aliposikia viatu vya polisi. Alikuwa msichana mrefu, miguu imevimba kwa mimba, macho makubwa. Protus akamwambia aketi, akamsogezea kigoda mwenyewe.

"Nionyeshe unavyopikanga chai ya mama," Jerotich alisema.

Khalayi akaonyesha. Maji, maziwa, majani, sukari, akiweka kila kitu mahali pake. Kikombe cha Mama Milcah kilikuwa cha bati, ukingo wa buluu, kimechubuka upande mmoja. Humiminiwa kwanza kuliko vya wote, alisema, kwa sababu mama anasikia baridi.

"Na kidonge?"

"Anameza na chai hiyo hiyo. Kumeza, kunywa. Ndivyo nilimkuta akifanya."

"Halafu?"

"Halafu tunakaa."

"Mnakaa mkifanya nini?"

"Tunakaa tu, afande. Mathew ameenda na trekta ya miwa, hakuna mtu. Mama ananiambia hadithi za zamani. Alinifundisha hata kushona hii." Akashika ukingo wa kitambaa cha meza.

"Leso aliyochukua Maurine, ulipewa na nani?"

"Na mama. Siku nilimwambia nina mimba."

"Na vumbi?"

Maji yalichemka kwenye sufuria, na hakuna aliyeyaepua.

"Khalayi, vumbi ni la nini?"

"Siri si yangu, afande. Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

Alitikisa kichwa.

"Utalala seli leo."

"Nitalala." Akaepua sufuria. "Lakini nani ataamka kumwashia mama moto?"

Nje, Protus alirudi kutoka ghalani akiwa ameshika pakiti kwa ncha za vidole. "Dawa ya panya!" alisema, akijivuna. Jerotich akaikagua. Haikuwa imefunguliwa, na kupitia karatasi yake ya nailoni inayoonyesha ndani zilionekana punje za rangi ya waridi, kama peremende. Vumbi la leso lilikuwa la kijivu. Akamrudishia.

"Sajenti, mimi nasema ukweli," Protus alinong'ona wakielekea garini. "Mtu ana siri, ana vumbi, na ndiye anapika chai. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini anayetiliwa sumu anamlilia anayemtilia."

Daktari Maina, ambaye Maurine alimpelekea mama yake wiki hiyo hiyo akitaka apimwe sumu, alikuwa kijana mwenye miwani na meza iliyojaa karatasi. Aliwapokea katika chumba chake hospitalini mjini, akasukuma kando sahani ya mandazi.

"Sumu sijaiona," alisema bila kuzunguka. "Majibu ya damu yamefika leo tu: homoni ya tezi imeshuka. Imeshuka vibaya sana."

"Tuambie kama unavyomwambia mgonjwa," Jerotich alisema.

"Hapa shingoni," akajigusa, "kuna tezi ndogo, inaitwa thairoidi. Kazi yake ni kuuambia mwili utembee kwa mwendo gani. Moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, hata furaha. Mama huyu alitolewa yake. Kidonge ndicho tezi yake sasa. Homoni ikipungua, kila kitu kinarudi nyuma. Mtu anasikia baridi juani. Sauti inakuwa nzito. Anasahau. Anakuwa na huzuni ambayo hana habari imetoka wapi. Wengine huambiwa wamerogwa, wengine huambiwa ni wavivu, na wengine huachwa na waume zao."

"Inaweza kumfanya mtu alie kwa sababu ya kuku?" Protus aliuliza.

"Kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kuku, Koplo."

Jerotich akaweka kopo la kakao mezani. Daktari akavitazama vidonge, akavilinganisha na vingine alivyotoa kabatini, akavirudisha. "Ni vizuri kabisa. Nina wagonjwa wengine wanaotumia hivi hivi na wako imara. Swali ni moja: anavimeza?"

"Kila asubuhi. Mbele ya shahidi."

"Basi vinafika mdomoni, havifiki kwenye damu." Daktari alikuna kidevu. "Anavimeza na nini?"

"Chai ya maziwa."

"Hilo ni kosa. Hii dawa inataka tumbo tupu na maji matupu."

"Lakini ameimeza na chai tangu alipopasuliwa," Jerotich alisema polepole, "na miaka hiyo yote alikuwa anaimba mpaka barabarani. Kosa la zamani haliwezi kuleta ugonjwa mpya. Kuna kitu kimeongezeka."

Daktari alimtazama kwa hamu mpya. "Basi tafuta kitu chenye madini. Vidonge vya kuongeza damu. Dawa ya kiungulia, zile nyeupe za kutafuna zinazofanana na chokaa. Vitu kama hivyo huishika dawa tumboni na kutoka nayo, isipate nafasi ya kuingia mwilini."

Jerotich aliingiza mkono mkobani, akalishika lile fundo la leso kwa vidole viwili.

"Na akiendelea hivi?" Protus aliuliza.

"Mwili utazidi kupoa. Siku moja atalala mchana kama kawaida yake, na mtashindwa kumwamsha. Mkemia wenu hatakuta sumu yoyote. Na huyo mnayemshuku, hata mkimfunga, mama hatapona."

Walipofika Malava, Jerotich alimwambia dereva asimame sokoni. Akapita nyanya, akapita mitumba, akapita mama wa omena, mpaka mwisho wa safu, ambako mwanamke mmoja mnene kwa jina Immaculate alikuwa ametandaza gunia. Juu ya gunia kulikuwa na mafungu ya odowa, yale mawe laini ya kijivu ambayo wanawake wajawazito hutafuna kwa hamu. Jerotich akachukua jiwe moja, akalivunja kati ya vidole, akalinusa. Akafungua fundo la leso kidogo, akanusa tena. Mvua ya kwanza, huku na huku.

"Afande, uko na mimba?" Immaculate aliuliza.

Protus alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa umri huu wangu?" Jerotich alisema.

"Wee! Umri si kitu kwa odowa. Nina mteja hapa ana wajukuu."

"Nani huyo?"

"Mimi sitajangi wateja. Hii biashara ni ya heshima." Immaculate alipanga mafungu yake upya, lakini mdomo ulikuwa unamwasha. "Ni mama mzima, wa kanisa, anajifunika leso mpaka hapa. Anasema ni za mke wa kijana wake. Haya, ni za mke wa kijana wake. Lakini meno yanaanza kazi kabla hajafika kwa fundi wa baiskeli pale!"

Garini, Protus alikuwa bado anakuna kichwa. "Mimi sielewi. Mke wangu alikula haya mawe kwa mimba zetu zote. Alikula mpaka nikaogopa atatafuna ukuta. Hakuna aliyekufa."

"Mkeo anameza kidonge cha tezi?"

"Hapana."

"Basi. Na usimwambie mtu yeyote mpaka nikwambie. Kuna heshima ya mtu hapa."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa miwa walipoingia tena uani. Simu ya mkuu wa kituo ilishaita, na Jerotich alikuwa ameiacha iite. Khalayi alikuwa ameketi kando ya mama mkwe wake na kibunda kidogo cha nguo miguuni. Alikuwa amejiandaa kwenda. Maurine alisimama mlangoni kama askari.

"Protus, nenda na Maurine mkaiangalie ile ghala tena."

"Si tumeshaiangalia?"

"Iangalieni vizuri."

Walipoondoka, Jerotich akavuta kigoda chake cha asubuhi. Hakuuliza kitu. Alitoa jiwe la odowa mkobani, akalipangusa kwa kiganja, akaling'ata. Likalia karu! Akatafuna polepole, akitazama moto.

Mama Milcah alimeza mate. Khalayi naye akameza.

"Hii ina chumvi kidogo," Jerotich alisema, kana kwamba anaongea peke yake.

"Ya Malava haina chumvi," Mama Milcah alisema. "Yenye chumvi ni ile ya kutoka..."

Mkono ukaenda mdomoni, lakini safari hii ulikuwa umechelewa.

Khalayi akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Kukhu," Jerotich alimwita kwa upole, kwa neno ambalo wajukuu wa pale humwitia bibi yao, "nieleze."

Ilichukua muda, maana maneno yalimjia mzee mmoja mmoja. Khalayi alipopata mimba alianza kutamani odowa, lakini miguu ilimvimba na soko liko mbali, kwa hiyo Mama Milcah akawa anamnunulia. Wakawa wanakaa asubuhi, baada ya trekta kuondoka, msichana anatafuna na mama anasimulia. Siku moja akaonja kipande, ili mtoto asijione anakula peke yake. Akakumbuka mimba zake mwenyewe, akakumbuka alipokuwa na nguvu. Kesho yake akaonja tena. Ikawa chai, kidonge, jiwe. Chai, kidonge, jiwe. Alivyozidi kuchoka ndivyo alivyozidi kulitamani, na makombo yaliyobaki Khalayi alimfichia kwenye ncha ya leso.

"Na kwa nini hukusema?"

Mama Milcah aliangalia chini. "Mwaka huu huu, mwanangu, nilisimama mbele ya akina mama wote kanisani nikawakemea wasichana. Niliwaambia, mnakula mchanga kama kuku? Hamna haya? Mimi mwenyewe! Wakijua, watanicheka mpaka Krismasi. Na uenyekiti nitauweka wapi?"

"Khalayi umemwapisha kwa kitu gani?"

Khalayi ndiye aliyejibu. "Kwa mtoto aliye tumboni. Nikisema, mtoto ataumia."

Jerotich aliuangalia mkono wa yule msichana uliokaa juu ya tumbo, umelikinga. Siku nzima alikuwa amechagua saruji ya seli kuliko kuvunja kiapo hicho.

"Mfungue, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyefunga."

Mama Milcah akageuka kwa shida, akiwa na sweta zake mbili na blanketi lake, akaweka kiganja juu ya tumbo la Khalayi. "Nimekufungua," akasema kwa ile sauti nzito. "Wewe na huyu. Nimewafungua. Mimi ni mtu mjinga."

"Si mjinga, mama," Khalayi alisema. "Ulikuwa unasikia baridi tu."

Jerotich akawaeleza kama daktari alivyomweleza: ile tezi iliyotolewa, kidonge kinachofanya kazi yake, jiwe linaloshika dawa tumboni na kutoka nayo. Akawaeleza kwamba ile huzuni haikuwa dhambi wala uzee wala uchawi. Mama Milcah alisikiliza mdomo wazi.

"Kumbe hata kulia kwangu kulikuwa ni dawa haifiki?"

"Hata kulia kwako."

"Na kuchoka na wageni?"

"Hata hilo."

"Asante Yesu," mzee alisema. "Nilidhani nimekuwa mtu mbaya." Kisha akainua kichwa, akaita kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi: "Maurine! Toka huko ghalani uje unicheke!"

Alimwambia mwenyewe. Hakutaka Sajenti amsaidie. Maurine alisikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa ameegemea ukuta, kisha akiwa ameketi chini kwenye udongo na sketi yake ya mjini.

"Mama," alisema mwishowe, "mawe?"

"Mawe."

"Nimekesha nikilia. Nimemkabidhi huyu kwa polisi. Na wewe ulikuwa unakula mawe?"

"Matamu," Mama Milcah alisema, na kicheko kidogo, kibovu, kikamtoka, cha kwanza Maurine alichokisikia tangu mvua kubwa zilipoanza.

Maurine hakusema samahani. Haikutoka. Alimtazama Khalayi, akaangalia kile kibunda cha nguo, akakichukua na kukirudisha ndani ya nyumba mwenyewe. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo. "Maji yamekwisha," akasema. "Wewe kaa." Akashika njia ya kisimani na viatu vyake vya visigino, na Khalayi akamwita, "Dada, vua viatu kwanza!" Maurine akavivua, akavitupa uani, akaenda peku akijifuta macho kwa kiwiko.

Simu ikaita tena. Safari hii Jerotich aliipokea.

"Ndiyo, mkuu. Simleti. Sababu? Ninayo mkononi. Hapana, mkuu, si barua. Ni jiwe. Nimeliacha nusu."

Jibu la mkemia lilipokuja, lilikuwa na neno ambalo Jerotich alikwisha kuliandika kwenye faili lake: udongo. Kesi ikafungwa. Leso haikuwa kielelezo tena, na ingeweza kurudishwa na askari yeyote. Lakini Jerotich alisubiri siku ambayo yeye na Protus walikuwa na safari ya upande huo.

Walikuwa bado barabarani, miwa imewafunika pande zote mbili, Protus alipotega sikio dirishani.

"Ni nani huyo anaimba? Kuna harusi?"

"Sikiliza vizuri."

Sauti ilikuja juu ya miwa, nyembamba, kali, ya mwanamke asiyeomba ruhusa ya mtu. Ilifika ubeti wa pili, ikaupita, ikaenda wa tatu.

Uani, sweta ya kijani na ya kahawia zilikuwa zimeanikwa kambani, zimefuliwa. Mama Milcah alikuwa amevaa gauni jepesi, amembeba mtoto mchanga begani. Uso wake ulikuwa umepungua, na kwenye pembe za nyusi vinywele vilikuwa vimeanza kurudi, kama nyasi baada ya moto.

"Sajenti! Koplo! Kaeni, kaeni. Ingokho iko jikoni, na leo hamwondoki bila kula. Protus, wewe nimekuwekea paja la kuku." Alisema yote hayo kwa pumzi moja.

"Kidonge?" Jerotich aliuliza.

"Jogoo akiwika, huyu ananiletea kikombe cha maji matupu. Nameza. Halafu tunakaa mpaka saa ya chai aliyotupangia daktari ifike. Tunakufa njaa, afande, lakini tunakaa wote wawili."

"Na ile nyingine?"

"Tumeacha," Khalayi alisema haraka kutoka mlangoni.

"Tumeacha kabisa," Mama Milcah alisema. "Hata kanisani nimewaambia akina mama wote. Nilisimama mbele yao nikasema, mimi mwenyekiti wenu nimekula mawe. Wakacheka. Halafu nusu yao wakaja nyuma ya kanisa kuniuliza niliachaje."

Jerotich akatoa leso mkobani, imepigwa pasi, lakini fundo la ncha alikuwa ameliacha kama alivyolikuta. Khalayi aliipokea kwa mikono miwili. Akalifungua fundo kwa meno, akaikung'uta ili amfunike mtoto. Vumbi la kijivu lililobaki likapaa kidogo kwenye jua, likaanguka taratibu katikati yao, na uani pote kukanukia mvua.

Wale wanawake wawili walitazamana. Wakameza mate.

Sajenti Jerotich aliwaona wote wawili. Akageukia upande wa kambani, akawa anaziangalia zile sweta.